Wagonjwa Waliodai Kaburi

Sogeeni hapa, wajukuu wangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina watu wa kweli, tarehe za kweli na mji wa kweli uitwao Alexandria. Si ile Alexandria ya Misri mnayoiona kwenye ramani kule mto Nile unakomwagia maji yake. Hii iko Marekani, jimbo la Virginia, kando ya mto Potomac, mwendo mfupi tu kutoka Washington, mji mkuu wao.

Katika mji huo, eneo lililo kati ya mtaa wa Prince na mtaa wa Duke, kimesimama kibao juu ya nguzo. Watu wa Virginia wana desturi hiyo tangu 1927: mahali palipotokea jambo kubwa husimikwa kibao cha rangi ya fedha chenye herufi nyeusi, na juu kabisa nembo ya jimbo, ili mpita njia asome. Sasa viko zaidi ya elfu mbili jimbo zima. Vingi vinataja majenerali na mapigano yao, na kusema kweli ukishasoma kumi unachoka. Hiki kinataja hospitali. Kinaeleza kwamba hapo palikuwa na hospitali ya kijeshi ya L'Ouverture, iliyofunguliwa mwanzoni mwa 1864 kwa ajili ya askari weusi, na kwamba iliweza kulaza wagonjwa 700 hivi. Kisha kinagusia kidogo tu kwamba wagonjwa hao walidai jambo na wakalipata.

Hapo ndipo mimi ninapopataka. Mgonjwa ana madai gani? Anadai dawa, anadai uji, anadai kurudi kwao. Hawa walidai kaburi.

Lakini kabla ya kaburi kulikuwa na vita, na kabla ya vita kulikuwa na utumwa.

Kuanzia Desemba 1860 hadi katikati ya 1861 majimbo kumi na moja ya Kusini mwa Marekani yalijitenga na kuunda nchi yao. Mkisoma vitabu mtakuta watu wanaozunguka mbuyu juu ya sababu zake. Msiwasikilize sana. Matajiri wa Kusini walikuwa na mashamba makubwa ya pamba yaliyolimwa na watumwa, nao waliogopa kwamba rais mpya, Abraham Lincoln, angeanza kuwabana. Virginia ikawa miongoni mwa majimbo yaliyojitenga. Jeshi la serikali ya Lincoln, ambalo tutaliita Jeshi la Muungano, halikungoja. Tarehe 24 Mei 1861 lilivuka mto Potomac likaitwaa Alexandria asubuhi na mapema, na likakaa humo hadi vita vilipokwisha.

Mji uliotwaliwa ukageuka ghala na hospitali. Makanisa yakaondolewa mabenchi, vikapangwa vitanda. Hoteli kubwa ya mji, Mansion House, ikajaa majeruhi badala ya wageni. Majumba ya matajiri waliokimbilia Kusini yakachukuliwa. Kwa jumla mji huo mdogo ulipata kuwa na hospitali za kijeshi zaidi ya thelathini.

Watu wengine wakaanza kuingia mjini, nao hawakuletwa na jeshi. Walikuja usiku, kwa miguu, wengine na watoto mgongoni. Walikuwa watumwa waliotoroka mashambani. Walikuwa wamesikia kwamba ukifika walipo askari wa Lincoln, bwana wako hakupati tena.

Sheria ilikuwaje? Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu. Sheria ya zamani ilisema mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa mwenyewe. Mei 1861 watumwa watatu walikimbilia ngome ya Monroe, pia huko Virginia. Bwana wao akatuma mtu kuwadai. Jenerali wa pale, Benjamin Butler, kabla ya vita alikuwa wakili, na wakili hakosi mlango wa kutokea. Akasema: ninyi wenyewe mnawaita watu hawa mali, na mali inayomsaidia adui vitani, jeshi lina haki ya kuikamata na kukaa nayo. Basi hawarudi. Hila hiyo iliwaokoa maelfu. Lakini angalieni ilivyowaokoa: hawakuwa watumwa tena, na bado hawakuwa watu huru. Waliandikwa kama mali ya vita iliyotekwa. Lishikeni hilo, maana wagonjwa wetu watakuja kulikataa kwa maandishi.

Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa katika maeneo yaliyoasi ni huru, na kwamba wanaume weusi wanaweza kuingia jeshini. Wakaingia. Hadi vita vinakwisha walikuwa wamefika karibu 180,000. Wengine walikuwa wametoka utumwani mwezi uliopita. Wengine walizaliwa huru huko Kaskazini, Connecticut au Ohio, wakasoma shule na kufanya kazi zao. Wote waliwekwa katika vikosi vya peke yao, chini ya maofisa ambao karibu wote walikuwa weupe. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi aliandikiwa 10, kisha akakatwa 3 za nguo, akabaki na 7. Baadhi ya vikosi vilikataa kabisa kuipokea, vikapigana miezi mingi bila senti. Bunge lilisawazisha mshahara Juni 1864.

Watu wengi hivyo wakiingia vitani, lazima wengi waumie. Ndiyo sababu jeshi likajenga hospitali yao Alexandria.

Sasa sikilizeni ilipojengwa. Mtaa wa Duke kulikuwa na nyumba ya matofali ya ghorofa tatu. Tangu 1828 nyumba hiyo ilikuwa ofisi ya wafanyabiashara wawili, Franklin na Armfield, na bidhaa yao ilikuwa watu. Waliwanunua Virginia na Maryland, wakawafungia katika nyua zenye kuta ndefu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, kisha wakawapeleka Kusini kuuzwa kwa bei kubwa, wengine kwa meli hadi New Orleans, wengine kwa miguu wakiwa wamefungwa minyororo, mwendo wa wiki nyingi. Wakati mmoja hakukuwa na kampuni ya biashara hiyo kubwa kuliko yao Marekani nzima. Baadaye wakaja wengine, na wa mwisho waliitwa Price, Birch na wenzao. Ipo picha ya wakati wa vita inayoonyesha jina lao limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango wa mbele, na chini yake tangazo kwamba wanauza watumwa. Waliandika waziwazi tu, kama duka la viatu.

Jeshi la Muungano liliigeuza nyumba hiyo jela ya askari watukutu. Na ubavuni mwake, mwanzoni mwa 1864, likasimamisha hospitali ya askari weusi. Huenda walikuwemo wagonjwa ambao mama zao au dada zao walipitia kwenye nyua zile. Ukiwa kitandani ukigeuza shingo, ukuta ndio huo.

Hospitali ikapewa jina la Toussaint L'Ouverture. Huyu hakuwa Mmarekani. Alizaliwa mtumwa katika kisiwa cha Karibi ambako Wafaransa walilima miwa, nchi tunayoiita leo Haiti. Watumwa walipoasi mwaka 1791 yeye akawa jenerali wao, akawashinda Wafaransa, Wahispania na Waingereza kwa zamu. Mwishowe Napoleon alimkamata kwa hila, na Aprili 1803 akafa gerezani huko Ufaransa, katika ngome yenye baridi kali milimani. Miezi tisa baadaye, Januari 1804, Haiti ikatangaza uhuru. Mabwana wa Kusini mwa Marekani walilichukia jina la Toussaint, hawakutaka watumwa wao walisikie. Na sasa lilikuwa jina la hospitali, jirani kabisa na nyumba ya kuuzia watu. Aliyelichagua, kwa maoni yangu, alijua anachokifanya.

Msiifikirie hospitali ile kama za siku hizi. Yalikuwa majengo marefu ya mbao, yenye madirisha pande zote mbili ili upepo upite. Madaktari wa wakati ule waliamini kwamba magonjwa yanaletwa na hewa mbaya, basi wakahangaikia hewa kuliko kitu kingine chochote. Vijidudu walikuwa hawajavijua. Daktari alikata mguu wa mtu, akafuta kisu kwenye aproni, akamwendea mwingine. Dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa kukatwa walikuwa nayo, klorofomu, kwa hiyo msiamini sinema zinazoonyesha kila mtu analia ameuma kipande cha ngozi. Kwa homa walikuwa na kwinini. Kwa kuhara damu na homa ya matumbo hawakuwa na kitu cha maana, na hayo ndiyo yaliyoua zaidi. Katika vita vile walikufa askari weusi karibu 40,000, na karibu robo tatu yao hawakuuawa na risasi bali na maradhi.

Risasi nazo zilikuwa mbaya. Zilitengenezwa kwa madini ya risasi, laini, nzito, nene kama ncha ya kidole gumba. Ikigonga mfupa haitoboi, inausaga. Ndiyo maana walikata miguu na mikono kwa wingi vile: mfupa uliosagika haukuwa na fundi.

Majeruhi wengi walitoka Petersburg, kusini zaidi ndani ya Virginia. Hapo majeshi mawili yalikuwa yamechimba mahandaki yakitazamana. Kikosi kimoja cha wachimba makaa ya mawe kutoka Pennsylvania kikasema: tunaweza kuchimba njia chini ya ardhi mpaka chini ya miguu ya adui. Wakachimba zaidi ya mita 150. Wakaweka baruti karibu tani tatu na nusu. Askari weusi wa divisheni moja waliteuliwa na kufundishwa kuongoza mashambulizi baada ya mlipuko. Siku moja kabla, wakubwa wakabadilisha mpango, wakatanguliza askari weupe ambao hawakuwa wamefundishwa. Alfajiri ya tarehe 30 Julai 1864 ardhi ikapasuka, pakawa na shimo kubwa. Waliotangulia, badala ya kulizunguka shimo, wakatumbukia humo. Adui akazinduka, akawapiga kutoka juu. Ndipo askari weusi wakaamriwa nao waende. Walikwenda. Wengi waliuawa hata baada ya kusalimu amri, kwa sababu askari wa Kusini hawakutaka kuwateka wakiwa hai.

Waliosalia na majeraha walipakiwa kwenye meli za moshi hadi hospitali za kaskazini zaidi, na sehemu yao wakafika L'Ouverture.

Siku mbili baada ya shimo lile, tarehe 1 Agosti, hospitali ilikuwa na sherehe. Siku hiyo watu weusi wengi waliiadhimisha kila mwaka kukumbuka jinsi Uingereza ilivyofuta utumwa katika makoloni yake ya Karibi. Aliyehutubia mbele ya askari alikuwa mwanamke aitwaye Harriet Jacobs. Kama kuna mtu mmoja katika hadithi hii ambaye nataka mkamtafute wenyewe maktabani, ni huyu. Alizaliwa mtumwa North Carolina. Kumkwepa bwana wake alijificha karibu miaka saba katika upenyo mdogo chini ya paa la nyumba ya bibi yake, mahali asipoweza hata kusimama wima, akiwachungulia wanawe wakicheza chini kupitia tundu. Kisha akatorokea Kaskazini, na 1861 kikatoka kitabu chake cha maisha yake. Vita vilipoanza hakukaa akasubiri sifa. Alikuja Alexandria kuwasaidia watoro wenye njaa na ndui, na Januari 1864 yeye na binti yake Louisa wakafungua shule ya watoto wa watoro hao.

Sasa tufike makaburini.

Alexandria ilikuwa na maeneo mawili ya makaburi yanayotuhusu. La kwanza liko mwisho wa mtaa wa Wilkes, lilifunguliwa 1862, nalo ni la wanajeshi. Askari akifa alipelekwa huko na wenzake wenye bunduki, ngoma ikipigwa polepole, jeneza likishushwa kwa risasi za heshima, na kaburi likapewa kibao chenye jina. La pili lilifunguliwa 1864 kusini mwa mji, kwenye shamba la mwanasheria mmoja aliyeegemea upande wa waasi. Hilo lilikuwa la watoro maskini, ambao walikufa kwa wingi katika vibanda vyao, hasa watoto. Halikuwa na aibu yoyote. Waliozikwa humo walistahili heshima kama mtu yeyote. Lakini halikuwa eneo la askari.

Askari weusi waliokufa walikuwa wakizikwa huko kwa watoro. Aliyesimamia mambo ya watoro mjini alikuwa mchungaji mmoja mweupe, Albert Gladwin. Kwake yeye, inaonekana, hesabu ilikuwa rahisi: mweusi ni wa kundi langu, awe amevaa sare au hakuvaa. Wengi waliofanya kazi naye hawakumpenda. Julia Wilbur, mwanamke kutoka Rochester aliyekuja kuwahudumia watoro na kuandika shajara kila siku, alikwaruzana naye mara nyingi.

Mwishoni mwa Desemba 1864 mambo yakafika shingoni. Gladwin aliagiza askari aliyefariki apelekwe makaburi ya watoro. Wenzake wakakataa. Habari ikazunguka wadi kwa wadi, na wadi haina kazi nyingine ila kuzungusha habari.

Ninyi mngefanyaje? Hawa ni wagonjwa. Mwingine yuko kwenye magongo, mwingine anatetemeka homa, mwingine mkono mmoja. Wangeweza kufanya fujo, na wangefungwa kwa uasi, pengine kupigwa risasi, maana jeshi halina utani na fujo. Wakaandika barua.

Imeandikwa tarehe 27 Desemba 1864, kwa daktari mkuu wao, Meja Edwin Bentley, na chini yake yamo majina 443. Wengi wenye majina hayo walizaliwa kwenye majimbo ambako kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa mbele ya sheria. Hawakulia wala kubembeleza. Hoja yao ilipangwa vizuri. Sisi, walisema, si mali ya vita iliyotekwa, ni wanajeshi wa Marekani. Hatari na taabu za vita hivi tunazipata sawasawa na wenzetu, ambao tofauti yetu nao ni rangi peke yake, basi na mazishi yawe sawasawa. Tena wakajiita raia wa Marekani.

Neno hilo raia msilipite haraka. Miaka saba tu kabla, mwaka 1857, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya mtumwa mmoja, Dred Scott, kwamba mtu mwenye asili ya Kiafrika hawezi kuwa raia wa nchi hiyo, hata akiwa huru. Uamuzi huo ulikuwa haujafutwa. Jaji mkuu aliyeuandika, Roger Taney, alikuwa amekufa Oktoba ya mwaka huohuo wa barua, 1864. Na watu 443 waliolala kwenye vitanda vya jeshi, ubavuni mwa nyumba ya kuuzia watumwa, wakaandika kana kwamba mahakama ile haikusema kitu.

Mmoja wenu anauliza: je, si wamekwisha kufa? Maiti anajua nini alipozikwa?

Swali zuri, na hata wakubwa huliuliza. Maiti hajui. Lakini aliye hai anajua. Askari aliyelala akisikia mwenzake anabebwa, anajua kesho ni yeye. Na mkewe, na wanawe, siku wakija kumtafuta, watamkuta amewekwa kwenye kundi gani? Kwetu nako watu hugombania kuzika, mpaka mahakamani, mnasikia redioni. Ni kwa sababu pale kaburini jamii hutamka kwa mara ya mwisho kwamba huyu alikuwa nani.

Daktari Bentley hakuitupa barua. Ilifika kwa Kapteni J. G. C. Lee, mkuu wa ugavi wa jeshi mjini, ambaye makaburi yalikuwa chini ya idara yake, naye akaunga mkono askari na kuipeleka Washington kwa mkubwa wake, Jenerali Montgomery Meigs. Meigs ndiye aliyeanzisha makaburi ya Arlington mwaka huohuo. Mwanawe wa kiume, luteni kijana, alikuwa ameuawa vitani tarehe 3 Oktoba. Sisemi kwamba ndiyo iliyomfanya aamue alivyoamua. Nasema tu kwamba barua ya kuomba askari wazikwe vizuri ilifika mezani kwa baba aliyezika askari wake juzi.

Ikaamriwa askari weusi wazikwe na askari wenzao. Haikuishia hapo. Januari 1865, katika baridi ya ardhi iliyoganda, makaburi ya askari waliokwisha kuzikwa kwa watoro yakafukuliwa, na miili ikahamishiwa mtaa wa Wilkes. Mpaka leo wako huko, mawe meupe yenye herufi za vikosi vyao.

Kuna picha iliyopigwa hospitalini wakati huo, na mkiipata itazameni kwa makini. Askari wamesimama mstari mmoja mbele ya jengo la mbao, makoti ya baridi yamewafika magotini, bunduki mkononi. Yupo kijana mwenye ngoma. Pembeni amesimama Mchungaji Chauncey Leonard, kasisi wa hospitali hiyo, mmoja wa watu weusi wachache sana waliopewa cheo hicho katika jeshi lote. Hakuna anayecheka. Siku hizo kupiga picha ulikaa bila kutikisika, lakini nadhani hata bila amri hiyo wasingecheka. Wanahistoria wanaona hao ni gwaride la mazishi.

Nisiwadanganye kwamba kila mahali ilikwenda hivyo. Hapa kwetu, miaka hamsini baadaye, Waingereza na Wajerumani walipigana juu ya ardhi yetu wakitumia mabega yetu. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza peke yao walikuwa mamia ya maelfu, na ndio walioacha jina lao Kariakoo, mahali mnapokwenda kununua madaftari. Waliofia njiani wengi hawana kaburi linalojulikana wala jina juu ya jiwe. Dar es Salaam ina sanamu ya Askari, ilizinduliwa 1927, kwa niaba ya wote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika, angalau 116,000 na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa sehemu ya sababu. Ikaomba radhi.

Turudi Alexandria, tumalize. Vita viliisha Aprili 1865. Hospitali ikafungwa, majengo ya mbao yakatoweka. Makaburi ya watoro nayo yalifungwa 1869, yakiwa na watu wapatao 1,800, zaidi ya nusu yao watoto. Vibao vilikuwa vya mbao, vikaoza. Mji ukasahau. Mwaka 1955 palijengwa sheli juu ya makaburi, matangi ya petroli yakachimbiwa ardhini, na baadaye ofisi. Watu wakajaza mafuta magari yao pale kwa miaka mingi, chini yao watoto wamelala.

Aliyeyafufua alikuwa mwanahistoria wa mji, mwaka 1987, alipokuta katika nyaraka za zamani habari za makaburi hayo. Wananchi wakaanza kudai. Mji ukanunua eneo, sheli ikavunjwa, na tarehe 6 Septemba 2014 ikazinduliwa bustani ya kumbukumbu, na majina yamechongwa ukutani.

Majina yalipatikana wapi, kama vibao vilioza? Yalikuwa kwenye kitabu. Kila mtoro aliyezikwa mtu alimwandika: jina, umri, tarehe, mahali alipofia. Kwa kitabu hicho watafiti wamewapata wajukuu wa wajukuu wa waliozikwa, wengine wakiishi palepale Alexandria bila kujua. Na aliyekianzisha, kabla wengine hawajakiendeleza, ni Mchungaji Gladwin, yuleyule. Hakutaka askari wazikwe na wenzao, lakini daftari alilitunza vizuri. Niseme nini juu ya mtu kama huyo? Mtanisaidia mkikua. Kitabu chenyewe kiko salama Richmond, katika maktaba ya jimbo, mji ambao wakati wa vita ulikuwa makao makuu ya waasi.